Upindo wa Joho la Mirza

SEHEMU YA SABA

Tuliachana Jumamosi iliyopita pale pazia lilipocheka.

Kwa faida ya msomaji ambaye gazeti lile lilimponyoka, tuyapange mambo kwa utaratibu wake. Tumo Agra, katika sebule ya Nawab Yusufzaman, mkuu wa mji. Mirza Khushnazar, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye masharubu machache na majivuno mengi, anamposa binti wa Nawab. Kama ilivyo ada, picha yake imetangulia kutazamwa na wakubwa wa bibi harusi kabla yeye mwenyewe hajatazamwa sana. Imechorwa kwa miezi mitano na Jogidas, fundi wa karakana ya kifalme, kwa brashi ya manyoya ya mkia wa kindi.

Kitambaa cha hariri kikafunuliwa. Wageni wote wakasema "Mashallah". Ndipo nyuma ya pazia la mianzi, wanakoketi wanawake wa nyumba, kikasikika kicheko.

Hakikuwa kicheko cha pongezi.

"Nani huyo anacheka?" aliuliza Mirza, na sauti yake ikapanda kuliko alivyokusudia.

"Mimi," pazia likajibu. "Mama wa mwenye nyumba. Nina miaka sabini na mmoja, kijana, na sicheki ovyo. Hebu nileteeni hiyo picha hapa karibu."

"Mama," alinong'ona Nawab, "wageni wamekwisha kuisifu."

"Wageni wana macho, mwanangu. Mimi nina miwani."

Picha ikapitishwa chini ya pazia. Sebule nzima ikangoja. Kila mtu alikuwa amekwisha kuiona: Mirza akionekana upande mmoja wa uso, upanga kiunoni kushoto, kozi mkubwa, ndege wa kuwinda, juu ya mkono wa kulia. Tangu enzi za babu yao aliyetoka Samarkandi na farasi mmoja, ambaye kila mwaka unaopita huongezeka idadi, hakuna mtu wa ukoo ule aliyepata kuonekana shujaa kiasi hicho. Mirza halisi huzimia kuku anapopiga mabawa.

"Pua si yake," lilianza pazia. "Hiyo nasamehe. Hata marehemu mume wangu alipunguziwa tumbo. Kozi naye si wake. Nasamehe. Lakini joho, kijana! Nyumba yenu ya Samarkandi imeanza lini kufunga vigwe vya joho chini ya kwapa la kushoto?"

Wanaume arobaini, kwa pamoja, walitazama makwapa yao.

Vigwe vyote vilikuwa kulia.

"Akina Rao wa Rajputana, Wahindu wale, hufunga kushoto, na huwapendeza sana," Bibi aliendelea. "Sisi Waislamu hufunga kulia. Mtoto wa miaka minne anajua. Sasa nauliza tu, maana mjukuu wangu ni mmoja: huyu kijana ni nani wakati hayupo mbele yetu?"

Miezi mitano picha ile ilikaguliwa. Msimamizi wa karakana aliitazama pua. Mirza aliitazama pua. Shangazi zake Mirza waliletewa, wakaitazama pua. Hakuna aliyeshuka hadi kwapani.

Wa kwanza kuzinduka alikuwa Mir Nizam, ndiye huyo msimamizi wa karakana, mtu mwembamba ambaye katika maisha yake hajapata kukosea kwa sababu daima yupo mtu mwingine wa kukosea badala yake.

"Kosa la fundi!" alipiga kelele. "Ngozi imegeuzwa!"

"Ngozi ya nani?" aliuliza Nawab, akijigusa shingo.

"Ngozi ya kunakilia, Nawab. Picha haianzi kwenye karatasi. Huanza kwenye ngozi ya swala iliyokwanguliwa hadi ikapitisha mwanga. Umbo huchorwa hapo, mistari hutobolewa kwa sindano, kisha unga wa makaa hupigwapigwa juu yake. Unga hupenya matundu, ukaacha umbo kwenye karatasi. Sasa fundi mzembe akiilaza ngozi kifudifudi, kulia huwa kushoto!"

"Na upanga je?" aliuliza Jogidas taratibu. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali pa watu wa kazi. "Upanga upo kushoto, unapokaa siku zote. Na kozi yupo mkono wa kulia."

"Uliurekebisha upanga, ukamrekebisha na ndege, ukasahau vigwe!"

Hoja ilikuwa imejengeka vizuri. Sebule ikatikisa vichwa kukubali. Hakuna kitu kinachowafurahisha waungwana kama kosa lenye jina la mtu maskini.

Mirza akapata pumzi yake, na pamoja nayo akapata ujasiri.

"Nimefedheheshwa mbele ya wakwe zangu," alisema. "Sitaki radhi. Nataka kidole gumba chake. Cha kulia. Fundi wa namna hii asishike tena brashi duniani."

"Gumba?" aliuliza Nawab.

"Gumba."

Nawab akakuna ndevu. Kutoka jikoni harufu ya pilau ilikuwa inaingia bila kubisha hodi, na yeye alikuwa hajala tangu alfajiri.

"Mtu ana vidole kumi," alisema hatimaye, kwa sauti ya hakimu mwenye huruma. "Kimoja si jambo kubwa. Leteni kisu tumalize, wali usipoe."

Jogidas alikitazama kidole chake. Kilikuwa na sugu ndogo ubavuni, pale brashi inapolala. Juu ya sugu ile walikuwa wakila mke wake, mama yake na binti zake watatu.

"Nawab," alisema, "kabla ya kisu, naomba ngozi."

"Ngozi ipi tena?"

"Hiyo ya swala. Mir Nizam anayo. Ipo mkobani mwake, haiachi hata akienda kuoga."

"Ngozi ni mali ya karakana!" alipinga Mir Nizam, akiukumbatia mkoba.

"Nizam," lilisema pazia, "usinifanye ninyanyuke."

Ngozi ikapitishwa chini ya pazia.

"Bibi mkubwa," alisema Jogidas, "naomba upitishe kidole upande mmoja, kisha upande wa pili. Uniambie unaona nini."

Ngozi ikasikika ikikwaruzwa. Kisha: "Ptuu! Upande mmoja mweusi kama sufuria ya askari. Upande wa pili umebaki na vidoto tu."

"Unga wa makaa hupigwa upande wa juu, Bibi. Huo mweusi ndio uliokuwa unanitazama mimi siku nilipoilaza juu ya karatasi. Sasa uso wa Mirza, kwenye upande huo mweusi, unaelekea wapi?"

"Kulia kwangu."

"Na kwenye picha?"

"Kulia kwangu vilevile."

"Basi haikugeuzwa. Na vigwe, kwenye ngozi?"

Pazia liliisogeza ngozi karibu na miwani. "Kushoto," lilisema. "Kwapa la kushoto. Weee, Nizam! Unataka mtu akatwe kidole kwa ngozi usiyoikagua?"

Mir Nizam akagundua kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kushughulikiwa.

"Ngozi ile niliichora Mirza akiwa ameketi mbele yangu," alisema Jogidas. "Vigwe vilikuwa kushoto siku aliyokuja."

"Uongo!" aliruka Mirza. "Alichora upuuzi tangu mwanzo! Yeye ni nani hata anifundishe nilivyovaa?"

"Mirza, siku ile uliniambia kwa kinywa chako: 'Chora kila uzi, usiache hata mmoja. Ila pua. Pua uifikirie.'" Jogidas akainamisha kichwa kwa adabu. "Kila uzi nimeuchora. Na pua nimeifikiria sana."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Kikohozi kile kikawaambukiza majirani zake.

"Haya, basi, nilivaa haraka!" alisema Mirza. "Mtu hawezi kuvaa haraka?"

"Haraka?" lilisema pazia. "Kijana, vigwe hushonwa na mshona nguo, havitembei. Mtu akiwa na haraka husahau kiatu. Hafumui joho zima akalishona upya kwapa la pili. Subiri kwanza, nimeona kitu kingine."

Miwani ya Bibi ilikuwa imeshuka. Iliondoka kwapani, ikapita mahazamu ya dhahabu kiunoni, ikapita magoti, ikatua kwenye upindo.

"Jogidas."

"Naam, Bibi mkubwa."

"Huku chini, karibu na kifundo cha mguu, kuna kitu kama punje ya ufuta. Nauona mwezi mchanga. Na nukta tatu. Nini hiki?"

Jogidas alikijua. Alikichora kitu kile mwezi wa tatu wa kazi, kwa unywele mmoja wa brashi, akidhani ni tarizi. Wiki moja tu iliyopita, mkewe alipokuwa anakunja nguo safi za jirani, Jogidas alikiona tena kwenye pindo la shuka, na akaelewa. Tangu siku ile hakulala vizuri. Kukifuta ilikuwa haiwezekani, kwa kuwa rangi ilikwisha kusuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ikang'aa. Kukisema ni kumvua nguo mwungwana hadharani, na fundi anayefanya hivyo huwa hapotezi kidole kimoja.

"Nilikiona, nikakichora, Bibi," alijibu. "Zaidi ya hapo sikuulizwa."

Angeweza kunusurika kwa jibu hilo, na Mirza pia. Ilitosha Mirza kunyamaza.

"Hiyo!" alisema Mirza, uso umemkunjuka kwa furaha. "Hiyo ni nembo ya ukoo wetu! Babu yangu alikuja nayo kutoka Samarkandi."

"Nembo," lilirudia pazia.

"Ndiyo, Bibi. Ya zamani sana. Mwezi ni nyumba yetu. Nukta ni vita tulivyoshinda. Vitatu."

"Makubwa! Basi hata mimi ni shujaa, mwanangu. Nembo hiyohiyo ipo kwenye shuka la kitanda changu, na mimi nina nukta tano. Wala sikumbuki kupigana."

Safari hii hakuna aliyejisumbua kukohoa. Walicheka waziwazi.

"Mama, una maana gani?" aliuliza Nawab.

"Nina maana mumwite dobi. Leo ni siku yake. Yuko ua wa nyuma anakunja foronya."

Dobi Budhua aliingia akiwa amelowa hadi magotini, ananukia maji ya mto Jamuna, mikono imemkunjamana na kuwa myeupe. Aliinamia Nawab, akaliinamia pazia, akaiinamia meza ya halua. Kisha akamwona Mirza, na uso wake ukachanua kwa uchangamfu wa mtu aliyekutana na mteja wake mwema.

"Ah! Mirza wangu!"

"Simjui mtu huyu," alisema Mirza.

"Hanijui," alikubali Budhua papo hapo. "Mimi nafua tu."

"Budhua," lilisema pazia, "huo mwezi unaoutia kwenye pindo za nguo, wa nani?"

"Wangu, Bibi mkubwa. Kila dobi ana alama yake, nguo zisichanganyike pale mtoni. Wa ng'ambo ana samaki. Mimi nina mwezi."

"Na nukta?"

"Nukta ndiyo nyumba. Mbili ni kwa kadhi. Tatu ni kwa Rao Kesrisingh. Nne ni kwa yule mwenye…"

"Hapo hapo. Tatu ni Rao Kesrisingh."

"Naam, Bibi. Bwana mkubwa sana. Mrajputi. Hufunga kushoto."

Wanaume arobaini wakamgeukia Mirza.

"Nieleze sasa, Budhua, pole pole, mimi ni mzee. Joho la Rao Kesrisingh lilifikaje mwilini mwa Mirza Khushnazar?"

Dobi akajifuta mikono kwenye nguo yake, ingawa nguo ililowa zaidi kuliko mikono.

"Bibi mkubwa, nguo ya hariri ikikunjwa muda mrefu hulegea. Hupoteza umbo. Kwa hiyo mimi, kwa kuwahurumia wenyewe, wakati mwingine humpa kijana mwungwana aivae siku mbili tatu, ikae sawa. Ni sehemu ya kazi. Madobi wote wa Agra tunafanya. Mkisema tuache, nusu ya mabwana wanaosimama barazani kwa mfalme…"

Akakutana na macho ya Nawab, na nusu ile ikabaki kinywani mwake.

Mtu mwenye busara angeomba maji ya kunywa, akazimia kidogo. Mirza hakuwa na mazoea ya busara. Alisonga mbele katikati ya zulia, akainua mkono wa kulia hadi kwapa likaonekana na wote.

"Fitina!" alisema. "Fitina ya dobi na mchora picha! Mnataka kuona joho langu? Hili hapa nimelivaa! Tazameni vigwe! Kulia! Kulia, kama tulivyofunga tangu Samarkandi! Hili nalo ni la Rao?"

Lilikuwa joho zuri kwelikweli. Hariri nyeupe, maua madogo ya zambarau.

"Hapana," lilisema pazia polepole. "Hilo si la Rao. Naliona hata kupitia mianzi. Maua hayo nayafahamu, maana nilimchagulia mtu mimi mwenyewe. Jogidas!"

"Naam, Bibi."

"Wewe ndiye mwenye kuona pindo katika mji huu. Piga magoti. Tazama upindo wa bwana huyo, unisomee."

Mirza alitaka kurudi nyuma, lakini kurudi nyuma kungekuwa ni kukiri. Akabaki amesimama, mkono bado umeinuliwa, kama kinyago cha mtu anayeaga.

Jogidas akapiga magoti. Akaishika hariri kwa vidole viwili, akauinua upindo kwa kidole gumba cha kulia, kilekile ambacho kisu chake kilikuwa tayari kimefika na kulazwa juu ya sinia.

"Mwezi," alisoma.

"Endelea."

"Nukta. Moja." Kidole kikasogea. "Mbili. Tatu." Kikasogea tena. "Nne."

Akamtazama Nawab.

"Jogidas, usinichoshe."

"Tano."

"Tano ni nyumba gani, Budhua?"

"Bibi mkubwa unajua."

"Mimi najua. Nataka mwanangu asikie."

"Ni nyumba hii," alisema dobi, akiangalia vidole vya miguu yake. "Ni joho la Nawab. Lilipaswa kurudi jana. Mirza akaniomba, akasema ana shughuli kubwa leo, anakwenda kwa mkwe wake."

Hayo ndiyo yaliyotokea Agra, msomaji: kijana alikwenda kuomba binti wa mtu akiwa amevaa joho la baba yake huyo binti, na akadai fundi akatwe kidole kwa kuchora nguo kama alivyoiona.

Nawab alikuwa amebadilika rangi mara tatu. Alipozungumza, alizungumza kama mkuu wa mji.

"Jogidas, kidole chako ni salama. Kisu kirudi jikoni kikakate vitunguu. Mir Nizam…" Lakini Mir Nizam alikuwa amekwisha kuvuka sebule, akasimama bega kwa bega na Jogidas, akimweleza mgeni wa karibu kwamba yeye siku zote alimwamini fundi wake. "Na wewe, Mirza. Vua."

"Hapa?"

"Hapa. Joho langu litatoka nyumbani kwangu nawe ukiwamo? Litabaki. Wewe ndiye utakayetoka."

Vigwe vya kulia vikafunguliwa kimoja kimoja. Ndani ya joho alikuwamo kijana mwembamba aliyevaa suruali ya pamba yenye kiraka gotini. Alikuwa na pua yake ya asili, haikufikiriwa na mtu. Ilikuwa inatetemeka.

Lakini mtu aliyevuliwa kila kitu huwa hana tena cha kuvuliwa. Mirza alilikunja joho taratibu, akaliweka miguuni kwa Nawab, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze alisema jambo la akili.

"Joho lako hili, Nawab. Umelipata. Basi naomba kuuliza, nikiondoka niondoke nimeelimika. Kama lako la sherehe nilikuwa nalo mimi tangu juzi, hilo ulilovaa wewe ni la nani?"

Nawab akauvuta upindo wake, akaukalia.

Aliuvuta haraka. Lakini Jogidas alikuwa bado amepiga magoti, macho yake yakiwa sawa na ukingo wa mto wa kuegemea, na macho yale yalikuwa na mazoea ya kuona punje za ufuta.

"Mwanangu," lilisema pazia, "mbona unaukalia upindo?"

"Nimekaa tu, Mama."

Mtumishi alikuwa mlangoni na sinia lake. Nawab akainua mkono.

"Kisu kingoje kwanza," alisema. Kisha akamgeukia fundi, akatabasamu kwa upole ambao Agra yote inaujua na hakuna anayeupenda. "Jogidas, fundi wangu. Wewe ni mtu wa familia. Mtu wa heshima. Hebu niambie: hapo ulipo, umeona kitu?"

Budhua dobi akafumba macho.

Jogidas akakikunja kidole gumba ndani ya ngumi, akakifunika kwa vidole vinne.

"Nawab anataka jibu la mtu mwenye familia," aliuliza, "au jibu la mchora picha?"

Nawab alikuwa hajafungua kinywa. Lililojibu ni pazia.

"La mchora picha."